Kabla hujamlipia mtoto trials, soma yaliyotupata Chaka

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaosoma simu chini ya dawati bosi akiwa hapo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Juzi nimeona mama mmoja ameuliza kama trials za kulipia za timu za watoto zina faida, na karibu wote waliomjibu walikuwa wanakisia. Mimi nililipa na nikasimama uwanjani mpaka mwisho. Nitaeleza bila kuongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Jina la hiyo academy silitaji. Msije inbox kulitafuta, hata mkininunulia chai.

Kwanza mnijue kidogo, ndio muelewe mbona hii kitu iliniuma hivi.

Mimi ni karani kwenye kiwanda kidogo cha kahawa upande wa Gakindu. Mkulima akileta kahawa yake anaimwaga kwenye turubai, anatoa zile mbichi na zilizokauka, mimi naangalia, ndipo inaenda kwa mizani. Kuna wale wanaoleta gunia lenye kahawa nyekundu safi hapo juu, na huko chini ni kijani kitupu. Nimewashika wengi sana. Sina haja na mdomo wa gunia, mimi huuliza la chini.

Msimu mmoja nilimfanya mama yangu mzazi amwage gunia lake mbele ya majirani. Lilikuwa safi mpaka mwisho. Akaikusanya kahawa yake punje kwa punje, akaniangalia, akaenda kwa mizani. Kijiji kizima kinajua hiyo hadithi, na mimi miaka yote nimeisimulia kwa kujisifu kwamba mbele ya kazi sijui mtu.

Sasa binti yangu.

Anaitwa Wangari, ana miaka kumi na minne, ni kipa. Alianza kwa bahati tu. Kipa wa shule yao alihama, mwalimu akaangalia nani mrefu darasani, akamwonyesha kidole. Mwezi haukuisha, mtoto akawa halali bila kuosha glavu zake. Glavu zenyewe ni za mtumba, mamake alizipata Karatina, ya kulia imeshonwa kwenye kidole gumba.

Jina lake ni la mama yangu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba, ndio maana mimi mwenyewe humwita "mami". Ndugu yangu mkubwa, Muriuki, aliye na hardware Nanyuki, naye msichana wake wa kwanza ni Wangari. Kwa hivyo tuko na Wangari wa Gakindu na Wangari wa Nanyuki, wamepishana miezi saba. Majina ya kanisani wanayo, lakini nyumbani hakuna mtu huyatumia. Na wote wawili tumewaandika Ndirangu, jina la babu yao.

Hilo shikeni hapo, litatusumbua mbele.

Tangazo lilikuja kwa group ya wazazi wa shule. Picha ya uwanja wa majani mazuri ambao si wa huku kwetu, watoto wamevaa jezi mpya, na maneno kwamba wanatafutwa wasichana chini ya miaka kumi na tano wa timu itakayosafiri kucheza mashindano Nakuru, Mombasa, mpaka nje ya nchi. Trials ni Chaka, ule mji mdogo wa barabara ya Nanyuki. Kiingilio unalipa kwa simu kabla ya siku, na hakirudishwi.

Mimi mambo ya "hakirudishwi" kwa kawaida hunifanya nizime simu. Lakini Wangari alikuwa ameshaiona. Hakuomba. Alikaa tu karibu na mimi nikila, akaniuliza kama Mombasa goli huwa na nyavu za kweli.

Nikalipa.

Nikamwambia Muriuki, naye akalipia wa kwake, ambaye ni striker. Fomu ilikuwa ya kujaza kwa simu: jina la mchezaji, umri, namba anayocheza, mguu anaotumia. Halafu kazi ya mzazi. Nikajiuliza kidogo, kazi yangu inaingiaje kwa mpira wa mtoto? Nikajijibu mwenyewe kwamba labda ni ya emergency. Nikaandika "karani, kiwanda cha kahawa". Muriuki, kama ninavyomjua, aliandika "businessman, hardware" na herufi kubwa.

Asubuhi ya trials Wangari wa Nanyuki aliamka na matumbwitumbwi, shavu limefura. Akabaki kitandani. Sisi tukaenda.

Chaka ile asubuhi ilikuwa baridi ya kukata masikio, upepo unashuka kutoka mlimani moja kwa moja. Watoto walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na waliotoka Meru usiku. Makocha walikuwa wanne, tracksuit za rangi moja, miwani ya jua ingawa jua lenyewe halikuwepo. Kijana mmoja alikuwa na kamera nzuri, lakini alipiga zaidi bango la academy kuliko watoto.

Wakuu, macho yangu yalifanya kazi yake. Nitawaambia niliyoyaona.

Hakuna kocha aliyekuwa na kalamu. Hata mmoja. Kiwandani kwetu mkulima akileta debe moja la kahawa linaandikwa. Hapa palikuwa na watoto uwanja mzima na hakuna aliyeandika kitu. Vesti za namba ziliisha, wengine wakacheza bila namba. Makipa walikuwa watano kwa goli moja, kila mtu dakika chache.

Zamu ya Wangari ilipofika alidaka mpira wa kwanza kifuani, wa pili akautoa na ncha za vidole, wa tatu ukampita upande wa kushoto, chini. Wa nne aliuruka nikasikia wazazi wakisema "ooh". Nikageuka kumwangalia kocha wa upande huo. Alikuwa amegeuzia goli mgongo, ananunua smokie, ile soseji ya barabarani, anamwambia muuzaji aongeze kachumbari.

Nililiona hilo kwa macho yangu haya. Na bado nikajiambia, hawa ni watu wa kazi, pengine wakiangalia mara moja inatosha. Pengine kamera inachukua. Mtu akishalipa, wakuu, anaanza kumtetea aliyemlipa.

Wangari alikuja akivua glavu.

"Baba, hao watu hawakuwa wananiangalia."

"Wacha excuses mami. Kipa mzuri huonekana tu."

"Lakini ule kocha alikuwa anakula."

"Nimesema wacha."

Akazisokota glavu mkononi mpaka nyumbani.

Baada ya siku tatu nikapata message. "Mzazi mpendwa, Wangari Ndirangu hakufaulu kwa sasa. Tunamkaribisha kwa trials zijazo kwa bei nafuu." Nikampa asome mwenyewe. Akasoma, akarudisha simu, akaenda kukama. Kesho yake niliona glavu zimewekwa juu ya kabati, kule tunakoweka vitu ambavyo havitumiki. Mwalimu wake alinipigia akiuliza mbona Wangari amesema anataka kujaribu netball.

Niliumia, lakini niwe mkweli, nilimwamini yule mtu wa message. Nilijisemea moyoni, basi mtoto si mzuri vile tulivyodhani.

Jumatano Muriuki akapiga simu anacheka mpaka anakohoa.

"Ndugu yangu, sikia maajabu. Wangari wangu amechaguliwa!"

"Ati nini?"

"Amechaguliwa! Huyu mwenye alikuwa kwa kitanda! Wameandika ati wamependa sana vile alicheza."

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo labda ni sisi tu tungelifanya, sisi wa kuita watoto wote jina la nyanya mmoja. Nyumba nzima ilielewa haraka sana. Wamechanganya! Wangari Ndirangu wawili, mmoja kipa aliyeng'ara, mwingine mgonjwa. Message zimepishana. Aliyechaguliwa ni wetu! Mke wangu alishika kichwa akalia machozi ya furaha jikoni. Muriuki mwenyewe alikubali, akanitumia ile message niende nayo wairekebishe.

Na mimi, mtu wa kumwaga magunia, nikamwita binti yangu nikamwambia, "Mami, ni wewe. Walikosea tu namba ya simu."

Sikusema "labda". Nilisema ni wewe.

Akapanda kiti akashusha glavu. Jioni hiyo alizifua kwa mara ya kwanza tangu ile message.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi wa waliochaguliwa, kwenye hoteli moja hapo hapo Chaka. Nilienda na Wangari, amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi, glavu ziko mkononi. Kocha mkuu alikuwa nyuma ya meza na rundo la karatasi. Alikuwa mchangamfu sana.

"Karibu mzazi, karibu kabisa! Jina ya player?"

"Wangari Ndirangu."

Akapekua. "Wangari! Aah, huyu tulimpenda sana. Striker. Ako na left foot kali, hiyo siku alituonyesha vitu."

Striker, mguu wa kushoto: ndivyo Muriuki alivyojaza kwenye fomu. Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati binti yangu alipoongea. Hakupaza sauti.

"Kocha, mimi nilicheza wapi?"

Yule bwana akamwangalia. Glavu ziko mbele ya macho yake.

"Wewe? Si ulikuwa huku kwa wing?"

Mzazi aliyekuwa nyuma yetu kwa foleni alikohoa.

Sasa, kazi yangu imenifundisha kusoma karatasi ya mtu nikiwa upande wa pili wa meza. Rundo lilikuwa ni zile fomu zetu, wamezichapisha. Hakuna alama kwenye jina wala kwenye namba ya mchezaji. Alama zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kazi ya mzazi. "Hardware" imezungushiwa biro nyekundu. Chini yake kulikuwa na fomu ya mwalimu, hiyo ikawekwa alama ya kuuliza. Ya dobi ilikuwa imepigwa mstari. Yangu sikuiona, na sikuhitaji kuiona.

Nikaweka kidole kwenye ile biro nyekundu. "Hii ndiyo mlikuwa mnachagua?"

Hakuona haya hata kidogo, hilo namkubalia. "Mzee, wacha nikuambie ukweli. Kusafirisha timu ni gharama. Lazima tujue mzazi ako na uwezo. Mtoto akuwe na talanta na mzazi hawezi, sisi tutafanya aje?"

"Na uwanjani mlituita kufanya nini?"

"Exposure, mzee." Kisha akapunguza sauti. "Lakini huyu wako tunaweza kumuweka reserve, tukielewana."

Nilikuwa na maneno, wakuu. Nilikuwa nayo mengi. Nilipogeuka kumshika mtoto mkono, hakuwepo. Alikuwa ameshatoka nje, amesimama kando ya barabara, ameziweka glavu kwenye mfuko wa sketi.

Nikamuuliza kama ana njaa. Chaka harufu ya nyama choma inakufuata kila mahali. Akasema hapana. Halafu akasema, "Baba, nilikuambia hawakuwa wananiangalia."

Aliyasema bila hasira. Afadhali angekasirika.

Nikarudi nyumbani, na kwa sababu nilitaka mtu wa kunionea huruma, nikapitia kwa mama yangu. Nikamweleza yote, makocha, biro nyekundu, kila kitu, nikiwatukana. Alikuwa anachambua maharagwe. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikuwa mama yako na ulinimwagisha gunia," akasema. "Hao watu wa tracksuit, uliwamwagisha nini?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuligusa lile gunia, na alilichagulia siku yake. Nilikaa hapo nikamsaidia maharagwe, nikamwomba msamaha. Akaniambia niende kumwomba yule Wangari mwingine, wa nyumbani kwangu.

Nilimwomba. Nilimwambia mbele ya mamake kwamba yeye aliniambia ukweli pale uwanjani, na mimi nilimwamini mtu aliyekuwa anakula smokie. Alisema sawa tu. Mnajua vile watoto wa umri huo wanasema sawa, huwezi kujua kama imeingia. Glavu zilirudi juu ya kabati.

Ningeishia hapa mngesema basi trials zote za kulipia ni wizi. Nami ningesema hivyo, kama si Madam Nekesa.

Huyu ni mama kutoka Bungoma, mumewe ni polisi, wanaishi Kiganjo. Anafundisha timu ya wasichana Jumamosi, na timu hiyo pia husafiri, ingawa safari zake ni Nanyuki na Embu. Mwalimu wa Wangari ndiye aliyetuambia. Naye pia analipisha trials, pesa kidogo ya maji na refa. Niliposikia tu "kulipa", nikaanza kutafuta sababu ya kukataa. Wangari hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu mamake alimwambia atazigawa zile glavu.

Nilifika Kiganjo na uso wa kiwandani. Kabla ya kutoa pesa nikamuuliza yule mama mbele ya watu, "Madam, samahani, utaandika wapi?"

Akanionyesha exercise book. Kila msichana ana ukurasa wake. Nikauliza kama kuna mahali pa kazi ya mzazi. Akaniangalia kama mtu asiye mzima.

"Baba, mimi kazi yako nitaifanyia nini? Wewe ndio utadaka?"

Nikalipa. Halafu nikasimama nyuma yake saa mbili nzima, nikimchungulia begani kama askari, na yeye akaniacha nichungulie. Makipa walikuwa watatu. Kila mmoja alipigiwa mipira ileile, kutoka sehemu zilezile, na kila mpira aliuandika.

Wakuu, Wangari hakuchaguliwa.

Walimchukua msichana wa Naromoru, na hata mimi babake niliona wazi kwamba yule alikuwa mbele yake. Madam Nekesa alimwita kando akampa karatasi iliyochanwa kutoka kwa ule ukurasa wake. Imeandikwa kwa mkono: mikono mizuri, mipira ya juu sawa, anasita kutoka golini, mipira ya chini kushoto inampita. Na mwisho: "Rudi baada ya likizo ya Agosti, nikuone tena."

Nilijiandaa kumfariji. Nilikuwa na hotuba nzima. Kumbe mtoto alikuwa anatabasamu.

"Baba, ameona ya kushoto," akaniambia. "Hata Chaka ilinipita hapo hapo."

Aliisoma ile karatasi njia nzima. Sasa imebandikwa kwenye mlango wa stoo kwa ugali, maana gundi hatuna.

Muriuki naye, msimhukumu. Alimlipia wa kwake ile safari, mtoto akapona, akaenda na wale wa Chaka. Nje ya nchi haikuwa, ilikuwa Nakuru. Walicheza mechi mbili, wakaona flamingo, akarudi na jezi na picha. Muriuki anasema alifurahi na pesa haikupotea. Sibishani naye. Ni safari nzuri kwa anayeiweza. Nilichomwambia ni kwamba asimwambie mtoto alichaguliwa, na hapo ndipo tulipokosana kidogo. Krismasi tutaonana.

Kwa hivyo mama uliyeuliza, jibu langu ni hili. Kulipa kwenyewe si dhambi. Refa anakula, mipira inanunuliwa. Lakini kabla hujalipa, uliza ni nani atamwangalia mtoto wako na ataandika wapi, na ukatae kuondoka bila kuiona hiyo karatasi, hata kama amekataliwa. Fomu ikiuliza kazi yako kabla ya kumwona mtoto akigusa mpira, jua anayefanyiwa trials ni wewe. Na mtoto akikuambia uwanjani kwamba hawamwangalii, tafadhali geuka uangalie. Mimi niligeuka, nikaona, na bado nikamwambia anyamaze. Pesa ile haikurudi na siililii. Naililia ile "wacha excuses".

Wenye uzoefu mwingine semeni hapa chini, hasa wa Karatina, Meru na Nanyuki. Kama kuna aliyelipa akapata haki, aje atuambie pia, nisiwatishe watu bure. Na kama kuna kocha humu, njoo ujitetee, hatutakula.

Mimi natoka kidogo, naitwa nje. Kila jioni nikitoka kiwandani lazima nimpigie mipira kwenye ukuta wa stoo, yote ya chini, yote kushoto kwake, na magoti yangu haya ya miaka arobaini na tisa. Juzi alidaka nne kati ya kumi, jana sita.

Najua, kwa sababu nimeandika.